Kuweka mipaka bila kuvunja ujirani: mwongozo kwa wakaaji wa Bukavu

Ushauri mwingi kuhusu mipaka unasema: anayekuchosha, mkate, anayekukera, mfungie. Hapa Bukavu hilo ni gumu, na hata likiwezekana lina hasara. Kwenye vilima vya Kadutu na Bagira nyumba zimebanana hadi dirisha la mmoja linafungukia jiko la mwingine. Robine ya maji ni moja kwa parsele nzima, njia ya kushukia barabarani ni moja, likelemba, ule mchango wa zamu, ni moja, shirika la sala la mtaa ni moja. Yule unayetaka kumkata leo kwa ajili ya maneno yake ya siasa ndiye atakayeshika upande wa pili wa machela mtoto wako akizidiwa usiku, kwa maana gari haifiki juu huko.

Na mambo ya kugombanisha watu hayajapungua. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi la wenye silaha la AFC/M23, watu wanaulizana nani alikimbia na nani alibaki, nani anafanya kazi na nani, jina la fulani linasikika vipi. Ndugu walio Kinshasa wanasema yao, ndugu walio Ulaya wanadai msimamo wako kwa odio ya dakika saba. Benki zilifungwa, pesa zikawa haba, na jioni watu wanaingia ndani mapema, kila mmoja na simu yake. Hapa hatutaamua nani ana haki. Tunataka ubaki na akili iliyotulia na ubaki na majirani zako, vyote viwili.

Kwa hiyo mpaka tunaouzungumzia unawekwa kwenye mada, kwenye saa, au kwenye kazi unayobebeshwa. Mtu mwenyewe anabaki ndani. Unaweza kukataa kuongea vita na shemeji yako na bado ukamletea samaki wa sambaza.

Mwili kwanza

Mpaka ukisemwa na mtu ambaye moyo unamwenda mbio hutoka kama tusi, hata maneno yakiwa mazuri. Kwa hiyo jifunze dalili zako mwenyewe. Kwa wengine ni taya kukaza, kwa wengine joto masikioni, tumbo kujikunja, au sauti kupanda bila kutaka. Dalili ya kwanza ikitokea una muda mfupi sana kabla mdomo haujatangulia, na muda huo ni wa kupumua.

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole hadi nne. Toa kwa mdomo, midomo ikiwa karibu kufungwa, ukihesabu hadi sita. Hiyo ni pumzi moja ya sekunde kumi hivi, yaani pumzi sita kwa dakika. Endelea dakika tano. Kinachofanya kazi ni ile pumzi ndefu ya kutoa: unapotoa hewa polepole, neva inayoshuka kutoka kichwani hadi moyoni na tumboni inaupunguza mwendo wa moyo, na ubongo unapokea habari kwamba hatari imepita.

Hukosewa mara nyingi kwa namna hizi. Mtu anajaza kifua kwa nguvu kama anayetaka kupiga mbizi ziwani, anapumua haraka, kisha kichwa kinazunguka na vidole au midomo inawasha. Hiyo ni hewa ya kaboni kupungua mno kwenye damu. Haidhuru, ila inatisha. Vuta hewa kidogo zaidi, usijaze kifua. Kosa la pili ni kusubiri ugomvi ndipo ujaribu kwa mara ya kwanza. Zoezi hili hujifunzwa siku ya utulivu, mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kushika simu na jioni, kwa wiki moja angalau. Baada ya hapo pumzi tatu tu mbele ya mtu anayekukasirisha zinatosha kukupa nafasi ya kuchagua neno.

Kuna watu ambao kufumba macho na kusikiliza pumzi kunawazidishia hofu, hasa waliopigwa, waliobakwa, au waliokimbia risasi. Hao wasilazimishwe. Waache macho wazi, wabonyeze nyayo chini, kisha wataje kwa sauti ndogo vitu vitano wanavyoviona, vinne wanavyoweza kugusa, vitatu wanavyosikia, viwili wanavyonusa, kimoja wanachoonja. Maji baridi kwenye viganja na shingoni yanasaidia pia.

Siku tatu za karatasi

Kabla ya kuweka mpaka wowote, jua kinachokumaliza. Watu wengi husema ni «hali ya inchi», na ni kweli, ila hali ya inchi inakuingia kupitia milango fulani. Kwa siku tatu andika kila mara roho inapochafuka: saa ngapi, wapi, mada gani, mwili ulifanya nini. Andika kwenye karatasi. Simu inaweza kufunguliwa na mtu mwingine njiani, na maandishi kama hayo yakisomwa vibaya yanaweza kukuletea shida wewe na waliotajwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike majina; weka alama, duara kwa mmoja, msalaba kwa mwingine. Ukimaliza kazi yake, ichome kwenye mbabula ya makaa.

Siku ya nne soma. Mara nyingi inaonekana kwamba mambo hayatoki kila upande. Ni simu ya alfajiri kabla hujatoka kitandani. Ni foleni ya robine saa kumi na mbili. Ni meza ya jioni, dakika kumi baada ya bugali kuletwa. Chagua mlango mmoja tu, na uchague ule mdogo kabisa, ambao hata ukishindwa hakuna kitakachobomoka. Mwenye kuweka mipaka mitano siku moja huiona yote imeanguka kabla ya Jumapili, kisha anasema mipaka ni mambo ya Wazungu.

Sentensi yenyewe

Sentensi ya mpaka ina sehemu tatu, na ni fupi. Kwanza heshima, kwa jina la undugu. Pili kile usichokifanya tena, kikitajwa wazi pamoja na saa au mahali. Tatu kile unachokitoa badala yake. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayookoa uhusiano: mtu akinyimwa mada bila kupewa nyingine anahisi amefukuzwa.

Kwa kaka mkubwa aliye Ubelgiji: «Yaya, odio nimeisikia. Mambo ya nani anaunga mkono nani sitayajibu kwa simu. Jumapili mchana nitakupigia tuongee habari za mama na dawa zake.»

Kwa jirani kwenye robine: «Mama, hizi habari za vita nikizisikia asubuhi sifanyi kazi siku nzima. Uniambie kwanza mtoto aliamkaje.»

Kwa mfanyakazi mwenzako: «Ndugu, hapa kazini mimi sichangii mambo ya siasa, ya upande wowote. Tumalize hesabu hii.»

Ona kwamba hakuna mahali panaposema «wewe unaongea mno» au «wewe unanichosha». Kila sentensi inahusu utakachofanya wewe, kwa sababu ni hicho tu kilicho mikononi mwako. Ukimwambia mtu «usiongee tena siasa», umempa amri, naye ataijaribu. Ukisema «mimi naondoka mezani mada hii ikianza», umempa taarifa, na kuitimiza hakuhitaji ruhusa yake.

Isiwe na maelezo marefu. Kila sababu unayoongeza ni kamba ambayo mwenzako ataivuta: ukisema huongei siasa kwa kuwa una presha, atakuambia jirani wa chini ana presha na anaongea. Sababu moja inatosha, au hata hakuna.

Tegemea kwamba mambo yatazidi kwanza. Wiki ya kwanza au mbili mtu aliyezoea kukupata atasukuma zaidi, ataongeza sauti, atawaambia wengine umebadilika. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma, na kurudi nyuma siku ya kumi ni kubaya kuliko kutoanza, kwa maana umemfundisha kwamba akisukuma siku kumi mlango unafunguka. Rudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, bila kuyapamba. Mara ya kwanza sema. Mara ya pili rudia. Mara ya tatu simama: «Naenda kuangalia maji.» Uende kweli kuangalia maji, dakika kumi na tano, kisha urudi na uso wa kawaida. Kurudi huko ni sehemu ya mpaka, maana kunaonyesha kwamba kilichofungwa ni mada.

Na usitangaze adhabu usiyoweza kuitekeleza. «Sitakanyaga tena nyumbani kwako» haina maana kama mwezi ujao kuna matanga ya familia.

Kwa wakubwa kuna njia yake

Baba mkubwa, mama mkwe, mzee wa familia haambiwi mbele ya watu, na hasa haambiwi mbele ya watoto wake au mbele ya wageni. Hata ukiwa na haki yote, akiaibika hatakusikia, na familia itasahau ulichosema na kukumbuka namna ulivyosema. Nenda peke yako, asubuhi, baada ya salamu kamili na habari za afya na za shamba. Usiende na mikono mitupu. Kilo ya sukari inasema kabla yako kwamba hukuja kwa vita. Kisha: «Baba mkubwa, nimekuja kukuomba msaada. Jioni watoto wanaposikia habari za kuuana hawalali, wanakojoa kitandani. Naomba mezani tusiyaongee. Wakishalala nitakaa na wewe nisikilize.»

Neno «msaada» hapo ni kweli kabisa, na mkubwa hupenda kulinda. Ukiwa huna ujasiri wa kwenda, mtume shangazi au mjomba anayesikilizwa, lakini mpe maneno kamili, mafupi, umwombe ayarudie kwako kabla hajaondoka. Ujumbe unaobebwa bila kukaririwa hufika umekua mara tatu.

Mkubwa akikataa, bado una uwezo kwa upande wako: walishe watoto nusu saa kabla, walale, ndipo meza ya wakubwa ianze.

Wageni na pesa

Nyumba nyingi za mji huu zimepokea ndugu waliokimbia, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi. Ugomvi mkali kabisa tunaousikia hauanzi na siasa. Unaanza na sufuria, halafu unavaa siasa. Mwenye nyumba amechoka, haoni namna ya kusema amechoka, kwa hiyo anaanza kusema «watu wa upande wenu».

Dawa yake ni kutaja kiasi na muda siku ya kwanza, wakati bado mnapendana: «Karibuni. Nina chumba kimoja na bugali ya jioni. Tutaishi hivi hadi tarehe thelathini, halafu tukae tena tuangalie.» Tarehe hiyo ikifika, kaa kweli, hata kama jibu ni kuendelea. Gawa kazi kwa majina: nani anachota, nani ananunua makala (makaa) ya kupikia, nani anafagia. Mgeni aliyepewa kazi anapona haraka kuliko aliyekalishwa kitini, kwa sababu anakuwa na kitu anachokiamua katika siku yake.

Kwa anayeomba pesa, amua kwanza mwanzoni mwa mwezi kiasi unachoweza kutoa bila kukopa, kitenge, kikiisha useme: «Ya mwezi huu imekwisha, yaya. Naweza kukusindikiza kwa fulani anayetafuta mtu wa kufua.» Usiseme «nitaona». Neno hilo ni ahadi katika masikio ya mwenye njaa, na litakurudia likiwa deni.

Simu, mahali roho nyingi zinapochubukia

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ni mpaka unaoweza kuuweka leo usiku bila kuongea na mtu.

Fungua WhatsApp, nenda «Paramètres», halafu «Stockage et données», uzime upakuaji wa picha, odio na video wa kujiendesha, kwa mega (data za simu) na kwa wifi. Faida ni mbili: mega zako zinabaki, na picha za maiti haziingii tena kwenye simu bila wewe kuzigusa. Picha kama hizo hukaa kichwani na kurudi usiku. Aliyeziona mara kumi hajui zaidi ya aliyeambiwa kwa maneno.

Makundi unayohitaji lakini yanakuchosha, yanyamazishe. WhatsApp inakupa saa 8, wiki 1, au daima. Chagua daima, kisha uyahifadhi pembeni kwenye «Archivées» yasionekane juu. Hakuna atakayejua. Ukitaka kutoka kabisa, siku hizi ni wasimamizi wa kundi tu wanaopata taarifa. Kwa hiyo mwandikie msimamizi mstari mmoja wa heshima kabla, hasa likiwa kundi la familia. Kwenye «Confidentialité», sehemu ya «Groupes», zuia wasiokujua wasikuingize popote wanapotaka.

Habari zipewe nyakati mbili kwa siku, dakika ishirini kila mara. Mchana na saa kumi na moja jioni zinafaa. Alfajiri haifai, kwa kuwa inachagua hali ya siku nzima, na saa ya kulala haifai kwa sababu iliyo wazi. Redio inasaidia kuliko simu kwa jambo moja: taarifa ya habari ina mwisho. Radio Okapi, inayorusha matangazo tangu Februari 2002, ina habari kwa Kiswahili. Sikiliza taarifa moja, zima. Anayesema kwamba akizima atakosa jambo la hatari, apange na jirani mmoja anayeaminika: «Kukiwa na kitu cha kutukimbiza, nipigie, usiniandikie.»

Kabla ya kupeleka habari kwa wengine, uliza maswali matatu. Nani aliona kwa macho yake? Wapi hasa, avenue gani? Lini, leo au mwaka jana? Kama odio haina jina la msemaji wala mahali, iishie kwako. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umeshapita mikono mingi sana. WhatsApp yenyewe inakuruhusu kuupeleka kwa mazungumzo mamoja tu kwa mara moja, na hiyo peke yake ni onyo. Picha za zamani huvaa tarehe mpya kila mwezi.

Ukiwa msimamizi wa kundi la shirika au la likelemba, kubalianeni ana kwa ana, mkiwa mmekaa, juu ya mambo machache: kundi ni la kazi yake tu, hakuna picha za maiti wala za waliojeruhiwa, hakuna kutaja kabila la mtu katika lawama, na usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, wasimamizi peke yao ndio wanaoweza kuandika. Hilo la mwisho lipo kwenye mipangilio ya kundi. Sheria iliyoandikwa na msimamizi peke yake usiku wa hasira haishiki. Iliyokubaliwa baada ya misa, kila mtu akisikia, hushika.

Maneno ambayo si maoni

Kuna jambo moja ambalo hatuliwekei mpaka wa kunyamaza tu. Watu wakitofautiana juu ya viongozi, juu ya mazungumzo ya amani, juu ya nani wa kulaumiwa, hayo ni maoni na unaweza kuyaepuka kwa amani. Lakini mtu akianza kuwaita watu wadudu, nyoka, takataka, au kusema kwamba wenye pua fulani au jina fulani hawastahili kukaa hapa, ametoka kwenye maoni. Kanda hii inajua maneno hayo yanakoelekea. Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita watu mende kabla na wakati wa kuwaua.

Jibu lake ni fupi na linarudisha mtu kwenye ubinadamu: «Huyo ni jirani yangu, alinizikia baba.» Au: «Mimi watu siwaiti hivyo.» Halafu kimya. Usiingie kwenye mjadala wa historia, kwa sababu mwenye hasira anataka mjadala ili aongeze sauti. Kama maneno yamemlenga mtu aliyepo, nenda ukae karibu naye, umwongeleshe jambo lolote, bei ya sombe ikibidi. Kusimama naye kunamzuia mchokozi kuliko hoja.

Lakini pima mahali. Nyumbani, kwenye shirika, kazini kati ya mnaojuana, sema. Njiani, kwenye moto (pikipiki), ndani ya gari la abiria, kwenye kizuizi, mbele ya mwenye silaha yeyote, nyamaza na ufike nyumbani. Kunyamaza hapo ni busara, wala usijihukumu baadaye usiku kwa sababu ya kimya hicho.

Kurudisha nguvu

Mpaka unazuia kuvuja. Kujaza tena ni kazi nyingine, na inaanza na usingizi.

Kahawa na chai kali ziishe saa nane mchana. Kafeini huchukua muda wa saa tano hivi kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kina nusu yake saa tano usiku. Pombe, iwe bia ya Primus au kasiksi ya ndizi, inakulaza haraka kisha inakuamsha usiku wa manane moyo ukidunda, kwa sababu mwili ukimaliza kuichoma usingizi unakuwa mwepesi. Anayekunywa ili alale huhitaji zaidi kila mwezi.

Kwa wenye mawazo mingi, yape mawazo saa yake: dakika ishirini saa kumi na moja jioni, kalamu mkononi, usiwe kitandani. Gawa ukurasa. Upande mmoja andika lile unaloweza kuligusa: ada ya shule, paa linalovuja, deni. Kwa kila moja andika hatua ya kesho, ndogo hata kama ni «kumwuliza fulani bei ya bati». Upande wa pili andika usiyoweza kuyagusa: amani itarudi lini, nani atarudi. Hayo unayaombea au unayabeba, huyapangi. Wazo likija usiku, liambie limeshaandikwa.

Ukilala, kaza ngumi sekunde tano, ziachie kwa sekunde kumi na tano. Kisha mabega, uso, tumbo, mapaja, nyayo. Ruka sehemu yenye jeraha. Ukikaa macho zaidi ya nusu saa hivi, toka kitandani, kaa gizani au kwenye mwanga mdogo bila simu, rudi usingizi unapokuja.

Milio ya risasi ikiwa ndiyo inayokuamsha, andaa mapema: kona ya ndani mbali na madirisha, mfuko wenye vitambulisho, dawa, maji na tochi, na kila mtoto ajue anamfuata nani. Hofu haitaisha, ila ubongo unaojua cha kufanya unaacha kukipanga upya kila usiku.

Mchana, tembea dakika thelathini. Kwa Bukavu si lazima utafute uwanja. Kupanda kutoka Nyawera kwenda juu ni mazoezi ya kutosha. Fanya kazi moja ya mikono inayoonekana imekwisha: kufua, kulima mchicha nyuma ya nyumba, kushona. Na uwe na watu wawili, wawili tu, ambao kwao unaongea bila kupima maneno. Wa tatu na wa nne watapata habari za kawaida. Kwaya, sala ya pamoja, salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, zina nguvu yake pia, kwa kuwa watu wa pande zote wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja bila kulazimika kukubaliana.

Inapozidi

Mpaka na pumzi vina mwisho wa uwezo wake. Mtu akikosa usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kazi zaidi ya wiki mbili. Akirukaruka kwa kila mlio. Akianza kunywa asubuhi. Akisikia sauti ambazo wengine hawasikii. Au akisema kwamba heri angekufa, anahitaji mtaalamu. Anza kwenye kituo cha afya cha karibu. Bukavu ina SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na Hospitali ya Panzi ina wahudumu wa kisaikolojia, hasa kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono. Kwa aliyebakwa, afike ndani ya saa 72, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza kabla ya hapo.

Ukiogopa kwamba mtu atajiua, mwulize wazi: «Unawaza kujiua?» Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi linamfungulia pumzi. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge, msindikize wewe mwenyewe. Usimwambie kwamba wengine wameteseka kuliko yeye.

Kama mmeshavunjana tayari

Wapo walioacha kusalimiana tangu mwanzo wa 2025. Kurudi kunawezekana bila kukubaliana juu ya chochote. Anza na salamu tu, siku kadhaa, bila kusimama. Kisha pata shida ndogo ya kawaida na uiombee msaada: kuazima ngazi, kuuliza nani anatengeneza redio. Watu hulainika wanapoombwa kuliko wanapopewa. Kukiwa na msiba kwake, nenda siku ya kwanza, kaa, usiseme mengi. Ukifika wakati wa kuongea, omba radhi kwa neno lako mahususi, «nilikuita msaliti mbele ya watu», bila kuongeza «lakini na wewe». Asipojibu siku hiyo, usimdai.

Mkishapatana, mwambie mpaka wako siku ile ile, kabla ya kuagana: «Yaya, ile mada tuiache nje ya uhusiano wetu. Mambo mengine yote, nipigie saa yoyote.» Baada ya miezi mitatu uangalieni tena pamoja; huenda mmoja wenu sasa anaweza kuigusa kidogo, huenda bado.